Homa kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa tezi ya pituitari

Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye tezi ya pituitari akipatwa na homa, kwanza atapimwa malaria, na ni sawa. Kwetu malaria haipuuzwi. Wasiwasi wangu ni pale majibu yanapotoka na kila mtu akaona kazi imekwisha. Sisi madaktari wa homoni tunataka maswali mawili yaulizwe siku hiyohiyo: je, kuna maji yanayomtoka puani? Na je, ana kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili maradhi, ya kutosha?

Swali la kwanza linatokana na mahali tezi ilipo. Pituitari, yenye uzito wa kama nusu gramu, imekaa chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua, na mfupa mwembamba tu ndio unaoitenga na uwazi wa hewa unaofunguka puani. Ndiyo maana upasuaji hupitia puani bila kufungua fuvu. Tundu likibaki hapo, maji ya ubongo hushuka, vijidudu hupanda, na mgonjwa hupata homa ya uti wa mgongo.

Wengi huikumbuka hatari hii baada ya upasuaji. Kumbe humpata hata mtu ambaye hajaguswa na kisu. Uvimbe mkubwa unaotoa prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa ya mama, hula mfupa ule taratibu, huku wenyewe ukiziba tundu ulilotoboa. Tukimpa dawa ya kabagolini uvimbe hunywea, na kizibo kinaondoka. Mgonjwa anakuja akilalamikia mafua yasiyopona, ya tundu moja la pua. Humketisha na kumwomba ainame, kidevu kiguse kifua, tusubiri. Kamasi ni nzito, na leso ikikauka hukakamaa. Maji ya ubongo ni maangavu, hudondoka tone kwa tone, na leso hukauka ikiwa laini. Wengine huonja chumvi kooni wakilala chali. Matone hayo yakingwe kwenye kichupa safi yapimwe beta-2 transferini, protini isiyokuwemo katika kamasi za kawaida. Mgonjwa asipenge kwa nguvu, asiache kabagolini kwa uamuzi wake, na daktari wa upasuaji wa ubongo aitwe.

Mara chache usaha hujaa ndani ya tezi yenyewe. Jipu hilo hutuchanganya, maana kwenye MRI hufanana na uvimbe, na wagonjwa wengi hawana homa kabisa. Kinachonishtua ni mtu anayekojoa sana na kunywa maji mfululizo ilhali sukari yake iko sawa. Adenoma, uvimbe wa kawaida wa tezi hii, ni nadra kuleta hali hiyo kabla ya upasuaji. Jipu huileta, na kifua kikuu kilichofika pale pia.

Swali la pili ndilo linaloua upesi. Uvimbe ukiibana tezi, amri ya kutoa kotisoli haifiki kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mtu mzima wa afya akiugua, kotisoli hupanda yenyewe. Huyu hana pa kuitoa: presha inashuka, anatapika, anasinzia, na antibayotiki peke yake haimnyanyui. Anayemeza haidrokotisoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, aongeze dozi mara mbili au tatu homa ikizidi nyuzi 38. Akitapika, vidonge havimsaidii tena. Achomwe miligramu 100 kwenye msuli au mshipa, atundikiwe dripu ya chumvi, kisha apewe miligramu 200 kwa saa 24. Damu ya kupima kotisoli ichukuliwe ikiwezekana, ila sindano isisubiri majibu. Dozi moja haimdhuru asiyeihitaji. Kuchelewa kunamuua anayeihitaji. Wala thairoksini, dawa ya homoni ya tezi ya shingo, isitangulie, kwa sababu huufanya mwili umalize haraka kotisoli kidogo iliyobaki.

Wewe unayemleta hospitali, mwambie muuguzi wa mapokezi kabla hujapanga foleni: “Ana ugonjwa wa tezi ya pituitari, anahitaji haidrokotisoni sasa.”