Tarumbeta nyumbani: tusimame au tukae?

Vijana wanaojiunga na bendi za matarumbeta za sharika na za shule huuliza mapema: nikifanya mazoezi nyumbani nisimame au nikae? Sisi tunaofundisha vyombo vya kupuliza tunashauri usimame kwa sehemu kubwa ya mazoezi, hata kama kwenye ibada utapuliza umekaa.

Sababu ni pumzi. Unapovuta hewa, kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, hushuka, na tumbo hutokeza mbele kukipisha. Mbavu nazo hutanuka. Ukikaa umejikunja, nyonga hulalia nyuma, mgongo wa chini hupinda na tumbo hubanwa. Hewa ikipungua, mpulizaji huinua mabega na kukaza koo, na noti za juu anazitafuta kwa kugandamiza chombo midomoni. Wengi hudhani midomo ndiyo dhaifu. Wanaongeza saa za mazoezi, midomo inavimba, kumbe tatizo linaanzia kiunoni.

Viti vyetu vya plastiki vinachangia sana, kwa kuwa vingi vimeinamia nyuma na anayeegemea hujikuta amelala nusu. Sogea ukingoni, kanyaga chini kwa nyayo zote mbili, uzito uwe juu ya ile mifupa miwili unayoihisi ukikalia ubao. Kanga iliyokunjwa, ikiwekwa upande wa nyuma wa kiti, inasaidia kusawazisha. Kisha jipime: je, unaweza kuinuka papo hapo bila kujirusha? Kama huwezi, bado hujakaa vizuri. Kuanzia kiunoni kwenda juu, mwili uwe vilevile kama umesimama.

Kusimama nako kuna makosa yake. Ukikaza magoti kwa muda mrefu, damu hubaki miguuni na unaweza kuzimia, hasa kwenye jua la gwaride. Yalegeze kidogo. Lete tarumbeta mdomoni, usiifuate kwa shingo, na stendi ya noti iinuliwe ili macho yasitazame sakafuni.

Tuba, ile tarumbeta kubwa kuliko zote yenye sauti nzito, ni habari nyingine. Kubwa inaweza kufika kilo 10, na mtoto asisimamishwe nayo. Akae, na kama mdomo haufiki, akalie mto. Wa tromboni (ile yenye bomba la kuvuta na kusukuma), ambaye mkono wa kushoto ndio unaobeba chombo, apumzike mara kwa mara kabla bega halijaanza kuuma.

Na kwenye harusi, bendi zinapopanda pikapu, nawaomba sana viongozi wa bendi: gari likiwa kwenye barabara mbovu, matarumbeta yashuke midomoni. Tuta moja linatosha kugongesha chuma kwenye meno ya mbele, na hayo ndiyo yanayoishikilia midomo wakati wa kupuliza. Ngoma ziendelee peke yake mpaka mfike lami.