Si Python inayokushinda, ni vilivyoizunguka

Kila baada ya wiki kadhaa napokea ujumbe wa aina ileile. Mtu ameanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ameshaelewa orodha, kitanzi na fanksheni, kisha amejaribu kusakinisha maktaba yake ya kwanza, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, na kompyuta imemgomea: `error: externally-managed-environment`. "Kaka, nimekosea wapi?"

Hujakosea popote. Umefika mpakani, pale lugha inapoishia na historia ya watu wake inapoanza.

Nimekula ujira wa Python kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutunza programu zilizoandikwa na wengine. Lugha yenyewe haijawahi kuninyima usingizi. Walioninyima ni zana za kusakinisha na kupanga maktaba: pip, virtualenv, setuptools, conda, Poetry, na sasa uv. Zamani nilizitazama kama vifaa katika sanduku moja la fundi, kila kimoja na kazi yake, nikawa nashangaa mbona vinagombania msumari uleule. Nilikuja kuzielewa siku nilipozisoma kwa mpangilio wa miaka, kila zana kama jibu la maumivu yaliyoachwa na ile iliyoitangulia.

Guido van Rossum aliitoa Python hadharani mwaka 1991. (Jina halitokani na chatu, ingawa nembo ina nyoka wawili. Linatokana na Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza.) Miaka hiyo ukitaka msimbo wa mwenzako ulinakili faili zake, mkamalizana. Mwaka 2000 ikaingia distutils, zana ya kufungasha na kusambaza msimbo, na pamoja nayo faili ya setup.py, ambayo ndiyo mzizi wa nusu ya fitina zilizofuata. Kosa lake ni hili: setup.py ni programu kamili, si orodha. Ili ujue pakeji, yaani maktaba iliyofungashwa, inahitaji nini, lazima uiendeshe. Na ili uiendeshe, lazima uwe tayari na vile inavyovihitaji. Yai na kuku. Ilichukua hadi 2016 kuanza kukubaliana kwamba mambo hayo yaandikwe katika faili ya maelezo tu, pyproject.toml, isomwe bila kuendeshwa.

Maumivu ya pili ni ya folda. Python huweka maktaba zote ulizosakinisha katika folda moja, site-packages, na humo kila maktaba ina toleo moja tu. Mradi wako wa zamani unataka toleo la 1, mradi mpya unataka la 2. Mmoja lazima ufe. virtualenv ilikuja 2007 kutibu hilo kwa kuupa kila mradi mazingira pepe yake, na toleo la 3.3 la mwaka 2012 likaleta venv ndani ya Python yenyewe.

Wengi huyaona mazingira pepe kama uchawi. Ni folda tu. Ndani yake mna kiungo cha kwenda kwenye Python iliyopo tayari, faili ndogo iitwayo pyvenv.cfg, na site-packages yake ya peke yake. Tunaposema "kuyawasha" ni kuitanguliza folda yake ya bin kwenye PATH, ile orodha ya mahali ambapo terminali hutafuta amri. Basi. Ndiyo maana unaweza kuita `.venv/bin/python` moja kwa moja bila kuwasha chochote, na kwenye seva mimi hufanya hivyo siku zote, kwa sababu seva haikumbuki ulichowasha jana.

Ule ujumbe wa kosa niliouanza nao ulizaliwa na watu kama mimi. Niliwahi kuandika `sudo pip install`, yaani kusakinisha kwa mamlaka ya msimamizi, kwenye mashine ya Linux ambayo zana zake za mfumo zilitumia Python ileile. pip ikapandisha toleo la maktaba moja, na zana ya mfumo iliyoitegemea ikakata roho papo hapo. Nilipoteza siku nzima kurekebisha. Tulikuwa wengi tuliofanya hivyo, ndipo likaandikwa pendekezo rasmi la Python, PEP 668: mfumo endeshi uweze kutangaza kwamba Python hii ni yangu, msiiguse. Debian 12, iliyotoka 2023, ilianza kulitekeleza. Kwa hiyo ukiliona kosa hilo, usitafute namna ya kulizima. Tengeneza venv uendelee na shughuli zako.

Wanasayansi walikuwa na msiba wao wa pekee. Maktaba kama NumPy, ya hesabu, zina sehemu kubwa ya msimbo wa lugha ya C, na kuzisakinisha kulimaanisha uwe na kompaila, programu inayoutafsiri msimbo huo kwa lugha ya mashine, na subira. conda ilizaliwa 2012 kwa ajili yao, na karibu wakati huohuo ukabuniwa mtindo wa wheel, yaani pakeji iliyokwisha kukompailiwa, unaipakua na kuifungua tu. (Wheel hapa si gurudumu la gari, ni jibini la duara. PyPI, ghala la pakeji za Python mtandaoni, lilikuwa na jina la utani la duka la jibini, mzaha mwingine wa Monty Python.)

Kuna jambo moja ambalo hata wakongwe hulisahau: hadi mwishoni mwa 2020, pip haikuwa ikipatanisha matoleo kwa makini. Maktaba A ikitaka C chini ya 2, na B ikitaka C kuanzia 2, pip ilichukua sharti ililokutana nalo kwanza na kuendelea mbele kana kwamba hakuna kitu. Programu ilianguka baadaye, mbele ya mteja. Toleo la 20.3 ndilo lililoleta mpatanishi wa kweli, anayerudi nyuma na kujaribu matoleo mengine, na akishindwa anasema wazi kwamba haiwezekani. Watu walilalamika kwamba pip imekuwa nzito. Mimi nilishukuru.

Nimetaja pendekezo. Huo ndio mlango wa kila badiliko kubwa katika lugha hii: mtu yeyote anaweza kuandika PEP, hati yenye namba, na wengine wakaichambua hadi mfupa. Mwaka 2018 mjadala wa PEP 572, uliohusu alama ndogo ya `:=`, ulikuwa mchungu kiasi kwamba Guido, baada ya kuikubali, alijiuzulu nafasi yake ya mwamuzi wa mwisho. Tangu 2019 uamuzi uko kwa baraza la watu watano wanaochaguliwa kwa kura, na kanuni inakataza zaidi ya wawili kati yao kuwa na mwajiri mmoja. Naipenda sana kanuni hiyo. Inajua nguvu hutoka wapi.

Naikumbuka kila ninapotumia uv. Ilitoka Februari 2024, imeandikwa kwa lugha nyingine, Rust, ina kasi ya ajabu, na inafanya peke yake kazi ambazo nilikuwa nazigawa kwa zana nne. Lakini iliyoitoa ni kampuni, Astral, si kundi la wanaojitolea, na kampuni hubadili mawazo. Swali langu si kama uv ni nzuri, kwa sababu ni nzuri. Ninachouliza ni kama naweza kuondoka.

Hapo ndipo zile hati kavu za PEP zinapolipa. Maelezo ya miradi yangu yako katika pyproject.toml kwa mtindo uliokubaliwa na wote, kwa hiyo zana nyingine zitayasoma. Iliyobaki bila muafaka kwa muda mrefu ni faili ya kufungia matoleo, ile inayohifadhi namba kamili ya kila maktaba ili kesho upate kilekile ulichopata leo. Kila zana ilikuwa na yake. PEP 665 ilijaribu kuziunganisha ikakataliwa. Brett Cannon, mmoja wa waandishi wake, akarudi tena na PEP 751, na mwaka 2025 ikakubaliwa. Faili hiyo inaitwa pylock.toml. uv inaweza kuitoa, nami huiweka kwenye kila mradi pembeni ya ile ya uv yenyewe, hata pale ambapo bado hakuna anayeisoma.