Skauti si gwaride tu

Wengi wetu humwona skauti siku ya sherehe za kitaifa: skafu shingoni, anaelekeza wageni viti. Uvumi mwingi unatokana na kuishia hapo.

"Ni jeshi la watoto."
Mwanzilishi, Robert Baden-Powell, kweli alikuwa jenerali wa Uingereza, na sare zinazidisha shaka. Lakini kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, mwaka 1907, ilikusanya wavulana wapatao 20, wa matajiri na wa vibarua, wakajifunza kupika, kufuata nyayo na kuokoa maisha. Ahadi ya skauti ni kutimiza wajibu kwa Mungu na nchi yake, na kuwasaidia watu. Mungu ametajwa bila kutajwa dini, ndiyo maana Mwislamu na Mkristo huitoa pamoja.

"Ni ya wavulana."
Mwaka 1909 wasichana walijitokeza wenyewe kwenye mkutano wa maskauti Crystal Palace, London, bila kualikwa. Mwaka uliofuata wakaanzishiwa chama chao, Girl Guides, chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Leo, Kenya na Tanzania, wasichana wamo humo na wamo kwenye skauti vilevile.

"Ni mambo ya Wazungu."
Yalikotoka, ndiyo. Ila Baden-Powell mwenyewe alizeekea Nyeri, Kenya, akafia huko mwaka 1941, na maskauti wa Kenya huzuru kaburi lake kila Februari.

"Mtoto anafunzwa kutii amri tu."
Hili ndilo linaloniudhi zaidi. Msingi wa skauti ni kikosi: vijana sita hadi wanane, kiongozi wao ni kijana mwenzao. Kambini huyu ana zamu ya kuni, yule maji, mwingine anashika pesa za chakula. Wa kuni akizembea, mvua ikazilowesha, sufuria haichemki na kikosi kizima kinalala njaa. Watakaomuuliza si mwalimu, ni wenzake. Mtunza pesa naye ataeleza kwa nini nyanya zimegharimu vile na chenji iko wapi. Mtu mzima akikimbia dukani kuwanunulia mkate, ameshaharibu somo.

Yapo makundi, tena si haba, ambako mwalimu hushika kila kitu na watoto hubaki kupiga saluti. Kwa hiyo mzazi, kabla ya kununua sare, uliza: pesa za kambi anashika nani?