Kuendesha boksi la Android TV kwa mstari wa amri: agiza hali, usihesabu mishale

Anayeshika rimoti anaitazama skrini. Akibonyeza mshale mara tatu na orodha ikasogea mara mbili, anaona na kubonyeza tena. Skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe, haina macho. Ndiyo sababu skripti iliyoandikwa kwa mtindo wa "chini, chini, kulia, sawa" hufanya kazi vizuri leo, kisha siku programu inapoongeza bango juu ya orodha yake, inafungua kitu kingine kabisa. Msimamo wangu ni kwamba kwenye terminali hakuna haja ya kuiga rimoti. Liambie boksi hali unayoitaka, halafu liulize kama limefika hapo. Chombo cha adb (Android Debug Bridge), kinachotuma amri kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kifaa cha Android, kinafanya yote mawili.

Kuunganisha

Kwenye Debian na Ubuntu, `sudo apt install adb` inatosha. Kwenye boksi, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu, bonyeza mstari wa Build mara 7, na menyu ya wasanidi programu itajitokeza. Humo washa utatuzi wa USB (USB debugging). Jina hilo linapotosha kidogo, kwa sababu katika maboksi mengi swichi hiyo hiyo hufungua pia poti 5555, mlango ambao adb hupitia, kwenye mtandao wa nyumbani. Sasa, kutoka kwenye kompyuta:

```
adb connect 192.168.1.50:5555
adb devices
```

Mara ya kwanza utaona neno `unauthorized` mbele ya anwani. Hapo hakuna kilichoharibika. Kwenye TV kuna dirisha linalouliza kama kompyuta hii iruhusiwe. Chagua kuruhusu daima, la sivyo utaulizwa tena na tena. Dirisha lisipotokea, washa TV, endesha `adb kill-server`, kisha unganisha upya.

Ruhusa hiyo imefungwa kwenye ufunguo ulioko `~/.android/adbkey`, yaani ni ya mtumiaji mmoja wa kompyuta. Ukiipa cron, kiendesha kazi kwa ratiba, kazi hiyo chini ya mtumiaji mwingine, ufunguo unakuwa mwingine, na `unauthorized` inarudi ingawa kwa mkono wako kila kitu kinakwenda sawa. Watu hupoteza saa nzima hapa wakikagua mtandao ambao hauna kosa.

Baadhi ya maboksi mapya hutaka utatuzi usiotumia waya: unaandika `adb pair` na anwani inayoonyeshwa kwenye skrini, kisha namba ya tarakimu 6. Poti ya kuoanisha siyo poti ya kuunganisha, na zote mbili hubadilika. Ukishaunganishwa, `adb tcpip 5555` inakurudisha kwenye poti isiyobadilika mpaka boksi litakapozimwa na kuwashwa upya.

Mambo mawili ya kumaliza kabla ya kuandika skripti yoyote: iambie ruta ilipe boksi anwani ile ile ya IP siku zote, na utaje kifaa mara moja kwa `export ANDROID_SERIAL=192.168.1.50:5555`. Bila hilo, siku utakayochomeka simu kwenye kompyuta, adb itagoma ikilalamika `more than one device/emulator`.

Vitufe, lakini vile vinavyofaa

Kila kitufe kina namba. Nyumbani ni 3, kurudi ni 4, mishale ya juu, chini, kushoto na kulia ni 19 hadi 22, na kitufe cha katikati ni 23:

```
adb shell input keyevent 3
```

Kosa kubwa ni kutumia vitufe vya kugeuza hali. Namba 26 ni ya kuwasha na kuzima, na 85 ni ya kucheza na kusitisha. Skripti ikituma 26 ili kuwasha boksi ambalo tayari liko macho, imelizima. Tumia 224 kuamsha na 223 kulaza. Ukituma 224 kwa boksi lililo macho hakuna kinachobadilika, na hicho ndicho unachotaka. Vilevile 126 ni kucheza, 127 ni kusitisha. Kama HDMI-CEC, njia ya vifaa kuamrishana kupitia kebo ya HDMI, imewashwa kwenye boksi na kwenye TV, 224 mara nyingi huiwasha TV yenyewe na kuihamishia kwenye HDMI sahihi.

Ikibidi kutuma vitufe kadhaa, viweke katika amri moja, `input keyevent 20 20 23`. Katika matoleo ya zamani ya Android kila `input` huwasha mazingira ya Java kutoka mwanzo, na boksi dogo huchelewa waziwazi.

Kufungua programu kwa jina lake

Hapa ndipo mishale inapoachwa kabisa. Orodhesha programu zilizosakinishwa kwa `adb shell pm list packages -3`. YouTube ya TV ni `com.google.android.youtube.tv`, Netflix ni `com.netflix.ninja`, VLC ni `org.videolan.vlc`. Baadhi huja na boksi lenyewe, kwa hiyo usipoiona, ondoa `-3`. Kisha:

```
adb shell monkey -p com.netflix.ninja -c android.intent.category.LEANBACK_LAUNCHER 1
```

Ukijibiwa `No activities found to run`, jina limekosewa, au programu hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya simu na haina mlango wa TV. Kwa ya namna hiyo, weka `LAUNCHER` mahali pa `LEANBACK_LAUNCHER`. Programu ikiganda, `am force-stop` pamoja na jina lake huifunga.

Bora zaidi ni kupeleka kiungo chenyewe. Video ikiwa kwenye kompyuta nyingine ya nyumbani inayogawa mafaili kwa HTTP:

```
adb shell "am start -a android.intent.action.VIEW -d 'http://192.168.1.20:8000/video.mp4' -t video/mp4 org.videolan.vlc"
```

Angalia nukuu hizo za tabaka mbili. Amri yako inasomwa mara mbili: kwanza na sheli (programu inayosoma amri) ya kompyuta, kisha na sheli ya boksi. Ya kwanza inavua nukuu za nje na kupeleka kilichobaki. Ukiweka tabaka moja tu na kiungo kina alama ya `&`, sheli ya boksi itakikata hapo, na programu itapokea nusu ya kiungo bila kukuonyesha kosa lolote.

Kuandika maneno ya kutafuta kunaumiza kwa sababu hiyo hiyo. Nafasi kati ya maneno huandikwa `%s`:

```
adb shell input text habari%sza%sjioni
```

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu, ritifaa. Ukiandika ng'ombe bila kinga, sheli inadhani umefungua nukuu na inakaa ikisubiri uifunge. Inayopita ni hii:

```
adb shell "input text ng\'ombe"
```

Herufi zenye alama juu yake, mfano é, hazipiti. `input text` inazijua zile za ASCII peke yake, yaani herufi za kawaida za Kiingereza, tarakimu na alama za msingi.

Kuliuliza boksi

Maswali matatu yanatosha kwa kazi nyingi:

```
adb shell dumpsys power | grep mWakefulness
adb shell dumpsys window | grep mCurrentFocus
adb shell dumpsys media_session | grep state=PlaybackState
```

La kwanza kwa kawaida linajibu `Awake` (liko macho) au `Asleep` (limelala). La pili linataja programu iliyo mbele. La tatu lina namba ndani yake: 3 ni inacheza, 2 imesitishwa, 6 inajaza data, 1 imesimama. Programu kadhaa zinaweza kujitokeza kwa pamoja, kwa hiyo usikimbilie mstari wa kwanza. Soma jina la programu lililo juu ya kila hali.

Baada ya kufungua programu, skripti yangu hailali sekunde 10 kwa kubahatisha. Inauliza swali la pili kila sekunde, na ikifika mara 20 bila jibu inakata tamaa na kutoa kosa. Boksi lililotoka kuwaka ni zito, na lililo macho tangu asubuhi ni jepesi. Usingizi wa urefu mmoja hauwezi kuyatosha yote mawili.

Ukiweka `adb shell` ndani ya mzunguko wa `while read`, mzunguko utafanya kazi mara moja tu kisha unyamaze, kwa sababu adb imemeza mistari iliyobaki. Andika `adb shell -n`.

Picha ya skrini hupatikana kwa `adb exec-out screencap -p > picha.png`. Ukiona menyu vizuri lakini video ni nyeusi tii, video hiyo imelindwa dhidi ya kunakiliwa, na hakuna amri ya kuirekebisha.

Muunganisho unapokufa

Boksi lililo kwenye Wi-Fi likilala, mara nyingi linaachia mtandao, na `adb devices` inaonyesha `offline`. Kebo ya Ethernet huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili. Kwa yanayobaki, anza skripti hivi:

```
adb disconnect $ANDROID_SERIAL
adb connect $ANDROID_SERIAL
[ "$(adb get-state)" = device ] || exit 1
```

Usiamini `adb connect` peke yake, maana matoleo ya zamani hurudisha mafanikio hata yaliposhindwa.

Poti 5555 isitoke nje

Anayefika kwenye poti hiyo na kuruhusiwa anaweza kusakinisha programu, kusoma mafaili na kuandika chochote kwenye skrini. Yapo maboksi ya bei rahisi ambayo hayaulizi ruhusa kabisa. Mwaka 2018 programu hasidi iliyopewa jina ADB.Miner ilisambaa kupitia poti hii hii, ikiyatumia maboksi ya TV na simu kuchimba sarafu za kidijitali. Usiifungue kwenye ruta kuelekea intaneti hata kwa siku moja. Ukitaka kuliendesha boksi ukiwa mbali, ingia kwanza kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kwenye kompyuta ya nyumbani na uendeshe adb kutoka humo. Na ukijaribu `adb connect` kutoka kwenye kompyuta mpya, ikaingia bila dirisha lolote kuonekana kwenye TV, zima utatuzi kila unapomaliza kazi.