"Ni kituko tu, nani atahakiki?" Dhana potofu za marafiki wawili wenye podikasti

Kazi yangu ni kuhariri podikasti, na wateja wangu wengi huja wawiliwawili. Ni marafiki wa muda mrefu, wanachekeshana, wanapenda filamu, muziki na mambo ya ajabuajabu, basi siku moja wakaamua kuweka maiki mezani. Nawapenda watu hawa. Lakini wiki iliyopita wawili wao, nilipowataka wahakiki kisa kimoja kabla ya kukitoa, waliniambia tena, sijui kwa mara ya ngapi nalisikia: "Hiki ni kipindi cha vituko, si taarifa ya habari. Acha ilivyo." Nimechoka kuijibu kwenye simu, kwa hiyo naijibu hapa.

Nilikuwa nimefika dakika ya 17 ya kipindi chao. Mmoja anasema, "Unajua Walt Disney hawakumzika? Walimgandisha!" Mwenzake: "Acha wewe!" "Kabisa! Yuko kwenye friji chini ya bustani yake ya michezo, anasubiri dawa ya saratani ipatikane." Vicheko. Kwenye skrini yangu wimbi la sauti linapanda mpaka linagusa rangi nyekundu, kisha wanahamia mada nyingine. Sekunde 40, imekwisha.

Walt Disney alifariki Desemba 15, 1966, kwa saratani ya mapafu. Siku mbili baadaye mwili wake ukachomwa, na majivu yake yako kwenye makaburi ya Forest Lawn, Glendale, California. Hakuna friji.

Nilipowapigia, jibu likawa: "Lakini tumelisikia kwenye podikasti tano!" Hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Watu watano walionakili kwa mmoja si mashahidi watano. Ni mtu mmoja, na huyo mmoja pengine aliisoma kwenye picha yenye maandishi aliyotumiwa na binamu yake. Nimewahi kufuatilia kisa cha namna hii kutoka kipindi hadi kipindi, nikaona hata neno lililokosewa kutamkwa limerithiwa na wote.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa wamekalia kituko kikubwa kuliko hicho bila kujua. Yupo mtu aliyegandishwa kweli. Anaitwa James Bedford, alikuwa profesa wa saikolojia, na alifariki kwa saratani Januari 12, 1967, siku 28 tu baada ya Disney. Mwili wake ukapozwa na kuhifadhiwa kwa matumaini kwamba siku moja utaalamu utamrudisha. Kwa miaka kadhaa familia yake yenyewe ndiyo iliyohangaika kuutunza, na mpaka leo umo ndani ya naitrojeni ya kimiminika huko Arizona. Niliwatumia hayo, wakakaa tena mezani wakarekodi upya. Safari hii msimulizi alipofika kwenye "mpaka leo", mwenzake alinyamaza sekunde nne nzima, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Yaani bado yupo?" Sekunde zile nne sikuzigusa. Ndizo sehemu bora ya kipindi kile.

Kwa hiyo wanaosema uhakiki unaua utamu wana dhana iliyogeuka juu chini. Kisa cha uongo hukwisha pale kicheko kinapokwisha, kwa sababu nyuma yake hakuna kitu. Kisa cha kweli ukikivuta kinatoa kingine.

Mfano wa pili, maana huu nao naletewa kila Oktoba: kwamba Marekani nzima ilikimbia barabarani usiku wa Oktoba 30, 1938, msanii Orson Welles alipotangaza redioni mchezo wa kuigiza kuhusu uvamizi kutoka sayari ya Mars. Wapo waliotishika, na wapo waliopiga simu polisi. Lakini usiku uleule kampuni ya kupima wasikilizaji ilipiga simu nyumba 5,000 ikiuliza wanasikiliza nini, na ni asilimia 2 tu waliotaja mchezo ule. Wengi walikuwa kwenye kituo kingine wakimsikiliza Edgar Bergen, msanii wa kuzungumza na mwanasesere bila kufumbua mdomo. Redioni! Mtu ambaye ufundi wake wote ni kutoonekana midomo ikitikisika, alipendwa na mamilioni wasiomwona. Na nani aliyeikuza hofu ile? Magazeti, ambayo miaka ile yalikuwa yakinyang'anywa matangazo ya biashara na redio, na yalikuwa na kila sababu ya kuionyesha redio kuwa kitu cha hatari. Marafiki wawili wakikaa na habari hiyo wana nusu saa ya mazungumzo.

Ushauri wangu, ambao wateja wangu sasa wanaumaliza kabla sijaufikisha mwisho: kabla ya kurekodi, kila kisa kiandikiwe majibu matatu kwenye karatasi. Nani alikisema kwanza? Lini? Yeye alikuwepo, au alisimuliwa? Ukikosa hata moja, kisa kinasubiri wiki ijayo. Na neno "wanasema" nalifuta popote ninapolikuta mpaka niambiwe ni akina nani hao. Kiswahili kinatupa "eti", neno dogo lenye kazi kubwa. Ukisema "eti Disney aligandishwa", msikilizaji amejua kwamba unamletea uvumi. Tumieni hilo mkitaka kucheka uvumi kama uvumi, kisha mwambieni ukweli wake kabla hamjahama.

Ila "eti" na "inadaiwa" hazimkingi mtu anapozungumziwa mtu aliye hai. Wengi wanaamini ukitanguliza "inadaiwa kwamba" unaweza kumsema msanii yeyote lolote. Sivyo. Katika nchi nyingi anayerudia kashfa anawajibika kama aliyeianzisha. Mambo ya ndoa za watu, magonjwa yao na vifo ambavyo havijathibitishwa nayakata bila kuuliza, na aliyekasirika nimemrudishia faili lake.

"Tukikosea tutasahihisha kipindi kijacho." Podikasti haisikilizwi kama redio. Mtu anaingilia kipindi cha 40 baada ya miaka mitatu, na cha 41 chenye masahihisho hakifungui kamwe. Sahihisho linawekwa ndani ya kipindi kilekile: rekodi sentensi mpya, badilisha faili, andika kwenye maelezo kwamba limebadilishwa. Hata hivyo waliokwisha kulipakua wanabaki na lile la zamani, ndiyo maana nasumbua watu kabla hakijatoka.

"Wimbo ukiwa chini ya sekunde 30 haudaiwi." Hakuna sheria hiyo. Sijui ilizaliwa wapi, lakini nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, kifungu cha 107, inataja mambo manne ya kupimwa ili kujua kama mtu anaweza kutumia kazi ya mwingine bila ruhusa, na hakuna hata moja linalohesabu sekunde. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, pamoja na marekebisho yake, unaruhusu kunukuu kazi ya mtu kwa kiasi kinachohitajiwa na lengo la nukuu. Maana yake ni kwamba, mkichambua mstari mmoja wa wimbo, chezeni mstari huo muuchambue. Mkiweka sekunde 10 kwa kupamba mwanzo wa kipindi, mmetumia kazi ya mtu bila ruhusa.

"Tununue maiki ya bei kubwa kwanza." Hapana. Chumba kwanza. Ukuta mtupu na dirisha la kioo vinarudisha sauti, na maiki nzuri inaunasa mwangwi huo vizuri zaidi. Kaeni chumba chenye mapazia, zulia na godoro, mdomo uwe karibu na maiki kwa upana wa kiganja, zimeni feni.

"Urafiki wetu unatosha." Urafiki ndio uliowaleta mezani, lakini kuna mtu wa tatu ambaye hakuwa nanyi kwenye safari ile ya basi mnayoicheka dakika nne bila kuieleza. Msimulieni na yeye basi lilifanya nini, au mwichekee mkishazima.

"Mhariri ataitenganisha." Hili nalo nakutana nalo kila mwezi: wawili, maiki moja katikati ya meza, na mmoja anacheka juu ya jina ambalo mwenzake ndiyo kwanza analitaja. Jina limepotea. Programu za siku hizi zinajitahidi, lakini mara nyingi sauti inayobaki ni kama ya mtu aliye ndani ya ndoo. Kila mtu awe na maiki yake na faili lake, hata kama faili lenyewe ni la simu iliyoegemezwa kwenye vitabu. Kisha mwanzoni kabisa, zote mbili zikiwa zinarekodi, mmoja apige kofi moja kali. Kwenye skrini linaonekana kama mwiba kwenye faili zote mbili, naweka mwiba juu ya mwiba, na mazungumzo yenu yanakaa pamoja.