Platipasi si nusu ndege

Mamalia ni mnyama mwenye uti wa mgongo na nywele, ambaye jike lake hulea watoto kwa maziwa ya mwili wake. Kuzaa hakumo katika maana hiyo. Ndiyo maana inasikitisha kusikia tena na tena kwamba platipasi, mnyama wa mito ya mashariki mwa Australia na kisiwa cha Tasmania, ni "nusu mamalia, nusu ndege" kwa sababu anataga. Kama kuzaa kungekuwa ndicho kipimo, basi hata kifutu, nyoka wa kwetu anayezaa watoto hai, angeitwa mamalia.

Platipasi jike kwa kawaida hutaga mayai mawili yenye gamba laini, kila moja likiwa na urefu wa milimita 17 hivi, akayaatamia shimoni kwa siku kama 10 huku ameyabana kati ya tumbo na mkia. Hana chuchu, maziwa huchuruzika kutoka kwenye ngozi ya tumbo, na vitoto huyafyonza papo hapo kwenye manyoya. Mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, George Shaw, alimweleza kitaalamu mwaka 1799, lakini ubishi kuhusu mayai uliendelea hadi mwaka 1884, mtafiti William Caldwell alipompata huko Queensland, jimbo la Australia, jike aliyekwisha kutaga yai moja, la pili likiwa bado tumboni.

Kosa kubwa ni kudhani kwamba yai ni mali ya ndege. Ukoo uliokuja kuwa mamalia na ule uliokuja kuwa reptilia na ndege uliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wakati ndege wenyewe hawajakuwapo duniani, na mababu wa koo zote mbili walikuwa wakitaga. Platipasi na ndugu zake ekidna, mamalia wenye miiba ambao nao hutaga, wamebaki na urithi huo, ilhali sisi mamalia wengine tumeuacha. Mdomo wake unaofanana na wa bata nao haukutoka kwa bata: wa bata ni mgumu, wa platipasi umefunikwa ngozi laini yenye vipokezi vya umeme vipatavyo 40,000, yaani vihisio vya umeme hafifu wa miili ya mawindo, ambavyo humwezesha kuwinda chini ya maji akiwa amefumba macho na kuziba masikio na pua.

Wapo pia wanaomwita babu wa mamalia wote. Huyu ni binamu, na amebadilika kwa njia yake: akikomaa hana meno, hana tumbo la kusagia chakula kama letu, na dume ana kipi (mwiba kama wa jogoo) chenye sumu kwenye kila mguu wa nyuma.

Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza platipasi ni nini, inatosha kumwambia kwamba ni mamalia kamili anayetaga mayai, na neno "nusu" tuliache kando.