Je, wajua kwa nini sindano ya titi hufuata picha hata kama uvimbe unashikika?

Mama wa Kasulu au Uvinza, mkoani Kigoma, aliyeambiwa akachukuliwe kinyama (kipande kidogo cha tishu cha kupimwa) kwenye titi ana haki ya kuuliza: uvimbe si huu hapa naushika, ultrasaundi ya nini tena?

Mkono hujua ukubwa na ugumu. Haujui ndani kuna nini. Uvimbe mkubwa wa saratani mara nyingi umekufa katikati, na sindano ikitua hapo hutoa tishu isiyotoa jibu. Uvimbe mdogo nao huteleza na kuikwepa sindano. Picha ya ultrasaundi humwonyesha daktari sehemu iliyo hai, mishipa ya damu ya kuepuka, na umbali uliobaki hadi ukuta wa kifua.

Mgonjwa hulala chali, bega la upande ule likiinuliwa kidogo kwa mto na mkono ukiwekwa juu ya kichwa ili titi litandazike. Ganzi ya lignokeini ya asilimia 1, kwa kawaida mililita 5 hadi 10, huchomwa kuanzia kwenye ngozi hadi kando ya uvimbe. Hewa yote itolewe kwanza kwenye bomba la sindano, kwani mapovu machache tu hutupa kivuli kinachoficha uvimbe wenyewe. Kisha ngozi hukatwa kama milimita 3 na sindano ya geji 14, yenye unene wa milimita 2 hivi, hupitishwa hapo.

Sindano hii hulazwa sambamba na ukuta wa kifua. Ikilala hivyo huonekana yote kwenye skrini, na haielekei kwenye pafu. Ncha husimamishwa ukingoni mwa uvimbe, si ndani, kwa sababu springi iliyo kwenye kifaa chake ikifyatuliwa huirusha mbele kama sentimita 2. Asiyepima nafasi iliyo nyuma ya uvimbe anaweza kutoboa asichokusudia. Mlio wake ni mkali kama wa stepla, na ni vizuri mgonjwa asikilizishwe kabla, maana akishtuka titi husogea. Baada ya kufyatua, picha huchukuliwa tena kuthibitisha kwamba sindano imepita ndani ya uvimbe.

Vipande 3 hadi 5 kwa kawaida hutosha. Kipande kinachozama kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia tishu, hutia moyo. Kinachoelea mara nyingi ni mafuta matupu. Mwishoni jeraha hukandamizwa kwa dakika 10 hivi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema, asisubiri kuulizwa.

Wapo wanaoogopa kwamba uvimbe ukiguswa na chuma utasambaa. Seli chache zinaweza kubaki kwenye njia ya sindano, lakini hilo halijaonekana kufupisha maisha ya wagonjwa. Hatari kubwa zaidi ni kukata uvimbe kabla ya kujua ni nini, kisha kulazimika kurudia upasuaji.

Kwa Kigoma, kazi ngumu huanza sindano ikishatoka, kwa sababu kinyama huweza kusafiri mbali, hadi Mwanza au Dar es Salaam, kumfikia mtaalamu wa patholojia, anayepima tishu kwa hadubini. Kiingie kwenye fomalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, na fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kisiwekwe kwenye spiriti, wala kisiachwe kikavu kwenye kitambaa cha shashi: kitaharibika na vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2 (protini za seli za saratani), vinavyoamua dawa, havitaaminika. Vipimo hivyo vinataka kinyama kikae kwenye fomalini kati ya saa 6 na 72. Chupa iliyochukuliwa Ijumaa ikasubiri basi la Jumatatu inaweza kupitisha muda huo njiani. Kwa hiyo siku na saa viandikwe kwenye chupa na kwenye fomu, pamoja na titi la upande gani.

Majibu yakisema hakuna saratani wakati picha ilionyesha uvimbe wenye kingo zilizochongoka, zinazotia shaka ya saratani, yasipokelewe kama mwisho wa safari. Daktari wa picha na wa patholojia walinganishe walichoona, na wasipokubaliana, sindano irudiwe au uvimbe utolewe upimwe wote.